Kiti cha Mwalimu

Mnamo Machi 1953, miezi mitano baada ya hali ya hatari kutangazwa nchini Kenya, jeshi la anga la Uingereza liliunda kikosi kidogo mjini Thika. Kiliitwa Kikosi Namba 1340, na ndege yake ilikuwa Harvard, ya injini moja na viti viwili. Harvard haikuundwa kwa ajili ya kupigana. Ilikuwa darasa. Maelfu ya vijana wa Uingereza, Kanada, Afrika Kusini na Rhodesia walijifunzia urubani ndani yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na zile zilizoletwa Thika zilitoka katika shule za urubani za Rhodesia. Chini ya mabawa zikafungwa mabomu ya ratili 20, bunduki ya rashasha ikaongezwa, na darasa likawa silaha. Baada ya muda kikosi kilihamia Mweiga, karibu na Nyeri, kiwe jirani na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walikokuwa wapiganaji wa Mau Mau.

Hapa Gatongora, na katika Ruiru yote, historia ya miaka ile husimuliwa kwa mambo ya ardhini: mashamba ya kahawa ya walowezi, vizuizi vya kijeshi, kambi, na vijiji vya lazima ambamo zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walirundikwa kuanzia 1954. Ndege haitajwi sana, na ikitajwa haijulikani ilikuwa ya aina gani. Kwa maoni yangu aina hiyo ina uzito wake. Dola kubwa ilipotaka kupiga mabomu msituni kwa bei nafuu, haikuanza na ndege za kivita, ilichukua za wanafunzi. Ujanja huo ulikuwa na historia ndefu, na sura yake iliyo wazi kuliko zote iliandikwa Ujerumani kati ya vita viwili vya dunia, kwa vindege vya mabawa mawili ambavyo ukiviona leo kwenye maonyesho utavidhania vya kuchezea.

Hoja yangu ni hii: ndege ya mafunzo haijawahi kuwa chombo kisicho na upande. Mwenye kuitengeneza, na zaidi ya hapo mwenye kukalia kiti cha mwalimu, ndiye anayeamua jeshi la anga la kesho litakuwa la nani. Wajerumani walilijua hilo mapema, Waingereza walilijua, na nchi zetu zililijifunza kwa gharama.

Mkataba wa Versailles wa 1919 una vifungu viwili ambavyo msomaji wa Afrika Mashariki angefaa kuvisoma pamoja. Kifungu cha 119 kiliipokonya Ujerumani makoloni yake yote, Tanganyika ikiwemo. Kifungu cha 198 kiliipokonya anga: majeshi yake hayakuruhusiwa kuwa na kikosi chochote cha ndege, cha nchi kavu wala cha baharini. Ndege zilizosalia zilivunjwa au kukabidhiwa washindi. Kwa muda hata kuunda ndege za kiraia kulikatazwa, kisha kukaruhusiwa kwa masharti ya kasi, mzigo na urefu wa safari.

Washindi walikagua mabohari, wakahesabu injini na kupima viwanda. Kitu ambacho mkaguzi hawezi kukitia kwenye gunia ni ujuzi, na Wajerumani waliwekeza humo. Kuanzia 1920 vijana wao walikusanyika kwenye vilima vya Rhön, mlimani Wasserkuppe, kurusha ndege zisizo na injini, kwa kuwa mkataba haukuwa na neno juu ya kitu kinachobebwa na upepo. Mnamo 1925 ikaruka Udet U 12 Flamingo, ndege ya mbao yenye mabawa mawili, viti viwili na injini ndogo ya Siemens, iliyopewa jina la Ernst Udet, rubani aliyeangusha ndege 62 katika Vita vya Kwanza na mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyoiunda. Udet mwenyewe aliirusha mbele ya umati, akishuka chini kabisa na kuokota leso ardhini kwa ncha ya bawa. Watu walilipa kiingilio na kupiga makofi. Flamingo hiyo hiyo ilikuwa ikitumika katika Deutsche Verkehrsfliegerschule, shule ambayo jina lake lilisema inafundisha marubani wa abiria, nayo ilifundisha pia, kimyakimya, maofisa wa jeshi ambalo halikutakiwa kuwa na marubani. Waliohitaji mafunzo ya kivita hasa walipelekwa Lipetsk, Urusi, ambako Wajerumani walikuwa na shule ya siri kuanzia katikati ya miaka ya 1920 hadi 1933.

Kwa hiyo Hitler alipochukua madaraka hakuanza na ukurasa mtupu. Vilabu vya michezo ya angani viliunganishwa chini ya chama kimoja cha kitaifa, na kilichokosekana kilikuwa ndege rahisi ya kuwapitishia vijana kwa maelfu. Ilipatikana 27 Aprili 1934, siku Bücker Jungmann iliporuka kwa mara ya kwanza Johannisthal, Berlin. Mwenye kampuni, Carl Clemens Bücker, alikuwa rubani wa zamani wa jeshi la majini aliyepitisha miaka ya marufuku akiendesha kiwanda cha ndege Sweden, na mchoraji wake, Anders Andersson, alikuwa Msweden. Kiunzi cha mwili kilikuwa cha mabomba ya chuma, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa, injini ya Hirth ya nguvu farasi 80 na baadaye kama 100. Ikiwa tupu haikufika kilo 400. Pembeni yake kulikuwa na Focke-Wulf Stieglitz, Heinkel Kadett, Arado 66 na Gotha 145, zote za mabawa mawili na zote za shule. Machi 1935 serikali ya Ujerumani ilipoutangazia ulimwengu kwamba ina jeshi la anga, marubani walikuwepo tayari. Tangazo lilikuja baada ya mahafali.

Na kwa nini mabawa mawili, wakati ulimwengu wote ulikuwa ukielekea bawa moja? Mwanafunzi wa urubani hukosea. Hupunguza mwendo mno anapokaribia kutua, huinua pua ya ndege kupita kiasi, hubamiza magurudumu. Ndege yake lazima iruke polepole bila kuporomoka, ivumilie mishindo, na ikivunjika itengenezeke kwa seremala na mshonaji. Mabawa mawili yaliyowekwa moja juu ya jingine na kufungwa pamoja kwa nguzo na nyaya hutoa eneo kubwa la kubeba uzito bila kurefuka sana, na muundo huwa imara ingawa mwepesi. Gharama ni kwamba nguzo na nyaya zile hukinzana na upepo na kuifanya ndege iwe ya mwendo wa pole. Kwa mpiganaji wa 1935 mwendo wa pole ulikuwa kaburi, lakini kwa shule ulikuwa sifa.

Kwetu kuna jambo jingine, na vitabu vya Ulaya hulipita haraka kwa sababu Ulaya halina maana kubwa. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Injini ya kawaida isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupoteza hapa takriban sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake, kwa kuwa kila pumzi inayovuta ina hewa pungufu. Nguvu farasi 80 za Berlin zinakuwa kama 66 za Nairobi kabla magurudumu hayajasogea. Pangaboi nalo linakata hewa nyepesi, mabawa yanaegemea hewa nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi ndipo iinuke. Jua la saa saba mchana linazidisha. Mkufunzi wa nyanda za juu humfundisha mwanafunzi wake katika wiki za mwanzo hesabu hizi, ambazo mwenzake wa Mombasa anaweza kuzichelewesha. Kwa hiyo ndege nyepesi yenye mabawa mapana, iliyobuniwa kwa ajili ya vijana wa tambarare za Prussia, ingefaa Nairobi kuliko ndege nyingi za kisasa za wakati wake.

Lakini Jungmann haikuwa ndege ya Nairobi. Anga la Kenya lilikuwa la Waingereza, na ndege ya mabawa mawili iliyolitawala ilikuwa ya de Havilland: kwanza Moth ya 1925, kisha Tiger Moth iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1931. Klabu ya ndege ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1927. Mnamo 1929 Florence Kerr Wilson, mjane wa mlowezi, alianzisha Wilson Airways na Tom Campbell Black akawa rubani wake mkuu. Ni kwa jina la mama huyo uwanja wa Wilson unaitwa hivyo tangu 1962. Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl Markham, aliyevuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada Septemba 1936.

Hadithi hizi zimesimuliwa sana, na nakiri kwamba zinanichosha. Ni hadithi za watu wachache wenye mashamba, farasi na muda. Mwafrika anaonekana ndani yake kama kibarua wa uwanja au mtumishi. Tarehe 14 Mei 1931 mmoja wao, Denys Finch Hatton, alianguka na Moth yake Voi, punde tu baada ya kuruka, akafa. Juu ya kaburi lake kwenye vilima vya Ngong kumeandikwa mengi katika lugha nyingi. Pamoja naye alikufa mtumishi wake aliyeitwa Kamau, ambaye vitabu humpa nusu sentensi. Klabu ilikuwa na wanafunzi wake na shule ilikuwepo, lakini akina Kamau hawakuwekewa kiti cha mwanafunzi.

Wajerumani nao walifika. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1925 walowezi wa Kijerumani waliruhusiwa kurudi kwenye mashamba ya Usambara, ya Kaskazini na ya nyanda za kusini. Mwishoni mwa 1930 akaja Udet mwenyewe na vindege na kamera, kutengeneza filamu iliyotoka 1932 kwa jina *Fremde Vögel über Afrika*, yaani ndege wageni juu ya Afrika. Alipokuwa akirudi kwao mapema 1931, ndege yake ilikwama katika mabwawa ya Nile, kusini mwa Sudan, yeye na fundi wake wakiwa hawana chakula. Aliyewatafuta na kuwaokoa ni Campbell Black wa Nairobi. Mwingereza alimwokoa Mjerumani, nao wote wawili walijiona watu wa kabila moja, kabila la marubani. Miaka mitano baadaye Udet alikuwa mkuu wa idara ya ufundi ya jeshi la anga la Hitler, akichagua ndege zitakazoilipua miji ya Poland na Uingereza. Alijiua Novemba 1941. Wanaopenda kusema kwamba urubani ni mchezo usio na siasa waanzie kwenye maisha yake.

Mchezo uliisha Septemba 1939. Wilson Airways ilifungwa na ndege zake zikachukuliwa na jeshi. Kule Dar es Salaam kijana mrefu wa kampuni ya Shell, Roald Dahl, ambaye baadaye angejulikana kwa vitabu vya watoto, alipewa askari wa Kiafrika awasimamie katika kuwakamata wanaume wa Kijerumani wa mji ule. Novemba aliendesha gari hadi Nairobi kujiandikisha. Alijifunza kuruka kwenye Tiger Moth, akiwa na urefu wa karibu mita mbili, kichwa kikichomoza juu ya kioo cha kukinga upepo hata akashindwa kupumua vizuri. Walikuwa 16 katika kundi lao. Kwa maelezo yake mwenyewe, 13 hawakuiona amani.

Hapa tunaweza kuzilinganisha Tiger Moth na Jungmann, na utashangaa jinsi zilivyofanana: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, mwalimu mbele na mwanafunzi nyuma, mbao, kitambaa, injini isiyofika nguvu farasi 150. Wapenzi wa ndege hubishana hadi leo ni ipi bora, na wengi huipa Jungmann ushindi kwa wepesi wa usukani wake, maana mabawa yake yote manne yana vibawa vidogo vya kupindia wakati Tiger Moth inavyo kwenye mabawa ya chini tu. Ubishi huo hauna faida kubwa. Kilichokuwa na uzito ni karatasi. Bücker aliuza michoro. Japani ilinunua leseni na kuunda zaidi ya 1,300 kwa ajili ya jeshi la nchi kavu na la majini. Chekoslovakia iliunda zake hata baada ya vita, na Uhispania iliendelea kuunda Jungmann hadi miaka ya 1960. Nchi hizo zilipata ndege pamoja na uwezo wa kuirudia, na mafundi wao walijua kwa nini kila ubavu wa bawa uko pale ulipo. Jambo hilo nitalirudia.

Kabla ya hapo, turudi kwenye darasa linalobeba mabomu. Warusi ndio walioonyesha njia, kwa ndege ya mafunzo ya 1928 iliyojulikana baadaye kama Po-2, nayo ya mabawa mawili. Usiku ilipita polepole juu ya mahandaki ya Wajerumani ikidondosha mabomu madogo. Kikosi kimoja maarufu kilikuwa cha wanawake peke yao. Hasara ya moja kwa moja ilikuwa ndogo, lakini askari hawakulala. Mwishoni mwa 1942 Wajerumani waliiga. Waliitoa Gotha 145 shuleni, wakaifunga mabomu na kuipeleka kwa Warusi usiku. Ndege iliyoundwa 1934 kwa ajili ya mtoto wa shule ya urubani ilimaliza vita ikiwa mshambuliaji.

Harvard za Thika zilikuwa za ukoo huo, ijapokuwa zilikuwa na bawa moja na injini ya nguvu farasi 600. Zilichaguliwa kwa sababu zile zile: ni za bei nafuu, zinaruka polepole, zinatosheka na kiwanja cha nyasi, na adui hana cha kuzijibu. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya jambo lote liwezekane. Ndege ya mafunzo huwa silaha pale tu ambapo mtu wa chini hana bunduki ya kuifikia wala ndege ya kuikabili. Warusi waliitumia gizani kwa sababu mchana ingeangushwa. Waingereza waliitumia Nyandarua mchana kweupe.

Je, ilifanya kazi? Kijeshi, kidogo. Bomu la ratili 20, yaani kama kilo tisa, likipasuka chini ya miti mirefu na mianzi hupoteza nguvu upesi, na rubani haoni anachopiga. Kuanzia Novemba 1953 ziliongezwa Lincoln, ndege kubwa za injini nne zilizoruka kutoka Eastleigh na kumwaga mabomu makubwa zaidi, na bado matokeo yalitiliwa shaka hata na maofisa wa Kiingereza. Nyati na tembo walijeruhiwa na kuwa hatari kwa kila mtu, wa pande zote mbili. Harvard zilikuwa na athari nyingine. Ncha za pangaboi la ndege hizo hukaribia mwendo wa sauti, na hutoa mlio mkali unaotangulia ndege yenyewe. Kwa mtu aliyejificha msituni, au aliye shambani nje ya msitu, mlio ule ulitangaza kwamba serikali iko juu na inakuona, hata pale ambapo haikuona kitu. Baadaye ziliongezwa ndege za vipaza sauti zilizowataka wapiganaji wajisalimishe. Kikosi Namba 1340 kilivunjwa Septemba 1955.

Uhuru ulipokuja, swali la kiti cha mwalimu liligeuka kuwa swali la dola. Nchi changa haina marubani. Lazima mtu awafundishe. Nani?

Tanzania ndiyo iliyolipa jibu ghali zaidi, na kwa mkono wa Wajerumani wale wale. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, Nyerere alilivunja jeshi alilorithi na kuanza jipya. Ujerumani ya Magharibi ilikubali kusaidia kuunda kikosi cha anga: wakufunzi, ndege za usafiri, na ndege za mafunzo aina ya Piaggio P.149D, muundo wa Kiitalia ulioundwa kwa leseni Ujerumani na Focke-Wulf, kampuni ile ile ya Stieglitz. Kisha siasa za Ujerumani zikaingia. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani ya Mashariki kabla ya Muungano, na sera ya Bonn, yaani serikali ya Magharibi, ilikuwa kumwadhibu yeyote anayeitambua Berlin ya Mashariki. Nyerere alitafuta njia ya kati: Ujerumani ya Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Bonn haikuridhika. Februari 1965 iliondoa msaada wa kijeshi na wakufunzi wakafunga virago, wanafunzi wao wakiwa katikati ya masomo. Nyerere alijibu kwa kuwaambia wachukue na misaada mingine yote.

Wengi husifu jibu lile kama heshima, na lilikuwa heshima. Ila nadhani tunalisoma nusu. Bonn ilitumia kiti cha mwalimu kama rungu, na rungu lilifanya kazi upande mmoja: mafunzo yalikatika. Tanzania ilibidi kuanza upya na Kanada, iliyotuma wakufunzi na ndege zake za de Havilland Canada, na kufikia miaka ya 1970 ikahamia kwa Wachina. Walimu wa nchi tatu ndani ya miaka kama kumi, kila mmoja na lugha yake, vipimo vyake, vipuri vyake. Azimio la Arusha la 1967 linapozungumzia hatari ya kutegemea wengine, aliyekuwa uwanjani Februari 1965 hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Uganda ilipata somo kali zaidi. Walimu wake walikuwa Waisraeli, na miongoni mwa ndege walizoleta ni Fouga Magister, jeti ya mafunzo inayoweza kubeba silaha. Idi Amin, ambaye mwenyewe alipata mafunzo ya miavuli Israeli, aliwafukuza 1972. Usiku wa kuamkia 4 Julai 1976 walirudi Entebbe bila mwaliko, wakawaokoa watu wao walioshikwa mateka pale, na kabla ya kuondoka wakaziharibu MiG zilizoegeshwa pale. Jengo la abiria walilolivamia lilijengwa na kampuni ya Israeli. Mwalimu anaondoka na ramani ya shule kichwani.

Kenya ilichagua kutobadilisha mwalimu. Jeshi la Wanahewa lilizinduliwa 1 Juni 1964 kwa msaada wa Waingereza, katika uwanja ule ule wa Eastleigh zilikotoka Lincoln, kwa ndege za mafunzo aina ya Chipmunk, ambayo ilibuniwa Kanada kurithi nafasi ya Tiger Moth. Zikafuata Bulldog miaka ya 1970, kisha Tucano, muundo wa Kibrazili uliotengenezwa Ireland ya Kaskazini. Strikemaster, ndege ya kwanza ya kivita ya Kenya huru, ilikuwa jeti ya mafunzo iliyofungwa silaha. Njia ya Harvard tena, safari hii kwa hiari yetu.

Asubuhi ya 1 Agosti 1982, katika jaribio la mapinduzi, waasi wa jeshi hilo waliwalazimisha marubani kwa mtutu wa bunduki waruke kutoka Nanyuki kwenda kupiga Nairobi. Jeti moja ilikuwa ya viti viwili, na kiti cha nyuma, kilichowekwa kwa ajili ya mkufunzi, kilikaliwa na muasi mwenye silaha ambaye hakuwa rubani. Rubani aliipindua na kuipinda ndege kwa nguvu mpaka mtu yule akawa hajiwezi, na mabomu yakamwagwa katika msitu wa Mlima Kenya badala ya mjini. Jeshi zima lilivunjwa na kuundwa upya, na hadi 1994 liliitwa kwa jina la mwaka huo, '82.

Kulikuwa na jaribio moja la kukalia kiti cha mwalimu sisi wenyewe. Mnamo 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha shule ya urubani wa kiraia Soroti, Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mkenya, Mtanzania na Mganda wangejifunza pamoja, kwenye nyanda za Teso, kwa gharama ya pamoja. Jumuiya ilikufa 1977 na shule ikabaki mikononi mwa Uganda. Jumuiya mpya ilipozaliwa ilirudi kuitaja Soroti kama urithi wa wote, lakini kijana wa Ruiru anayetaka urubani leo huenda kwenye shule za binafsi za Wilson, akiwa na mzazi wa kulipa mamilioni ya shilingi, au Afrika Kusini, au Marekani. Siwalaumu wazazi hao. Nalaumu hesabu ya serikali tatu ambazo zilikuwa na shule moja nzuri na zikaiacha ififie kwa kugombana juu ya mambo mengine.

Na Wajerumani? Wamerudi kwenye anga la Kenya. Rubani mwanafunzi wa Jeshi la Wanahewa sasa anaanzia kwenye Grob G 120A, inayoundwa Mattsies, Bavaria. Ni ya bawa moja, mwili wake ni wa nyuzi za kaboni badala ya mbao na kitambaa, injini ni ya nguvu farasi 260, na mwalimu na mwanafunzi huketi bega kwa bega. Kampuni ya Grob ilijipatia jina kwa kuunda ndege zisizo na injini, ufundi ambao Ujerumani iliukuza mno katika miaka ambayo Versailles iliinyima injini. Ni ndege nzuri. Inavumilia makosa, inafundisha pia mizunguko ya hatari, na kwenye mwinuko wa Nairobi ina nguvu za kutosha.

Imenunuliwa lakini, kama Chipmunk na Bulldog kabla yake, ikiwa imekamilika. Kati ya nchi zilizonunua michoro ya Bücker na nchi inayonunua ndege za Grob kuna pengo ambalo fedha pekee hazilielezi. Kuunda ndege ya mafunzo si kuunda jeti: Jungmann ilihitaji mafundi wa kuchomelea mabomba, maseremala na washonaji, na leseni. Wanaosema Kenya haiwezi watatoa mfano wa gari la Nyayo, lililofanyiwa majaribio 1990 na kuishia hapo. Wanaosema inaweza hawahitaji kwenda mbali. Aprili 2021 serikali ilifungua hapa Ruiru kiwanda cha bunduki cha shilingi bilioni nne, chenye uwezo uliotangazwa wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka, na sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza kutegemea silaha za nje. Kama hoja hiyo inatosha kwa bunduki ya askari wa miguu, ningependa kumsikia waziri wa ulinzi akieleza mbele ya kamati ya Bunge ni kwa nini haijafika kwenye ndege ya viti viwili ambayo kila rubani wa nchi hii anaanzia.